Mama Mizani wa Kaunta ya Pili

Miguu ya Mama Mizani naifahamu kuliko ninavyoifahamu ya kwangu. Wa kushoto umeuzidi wa kulia kidogo, kidole gumba kimepinda kwa ndani, na visigino vimekuwa vigumu kwa kusimama maisha yake yote ya kazi. Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo la maofisi, ubavuni mwa duka la dawa, na mtu akija kwangu nina tabia mbaya ya kumtazama miguu kabla ya uso. Mke wangu anasema iko siku nitapishana na mama yangu mzazi njiani nisimjue, kisa kavaa viatu vipya.

Juzi Mama Mizani alikuja kuniambia kwamba amestaafu. Akakaa kwenye kigoda, akavua vile viatu vyeusi vya kazi nilivyomshonea mwenyewe, akavisukumia kando kwa mguu.

"Fundi, sasa nitengenezee ndala nyekundu," akasema. "Nimechoka kuvaa kama nakwenda kuzika."

Nikamwambia nyekundu itamfanya aonekane mbali sana. Akasema ameonekana mbali miaka yote, haoni kwa nini aanze kujificha leo. Ndivyo alivyo, hana dogo. Na pale kwangu halipi chochote, hata akinuna, na sababu ndiyo hii ninayotaka kuieleza, maana watu wananiuliza kila siku kwa nini mtu mwenye mkono wa birika kama mimi namfanyia mama yule kazi ya bure.

Mama Mizani alikuwa mhudumu wa kaunta kwenye uwanja wa ndege wa mji wetu, kaunta ya pili, ile yenye kiti kilichochanika. Kazi aliianzia ghalani, akipima vifurushi vya watu siku nzima, na jina hilo alipewa na wapagazi wa hukohuko ghalani. Baadaye wakamhamishia mbele, kwenye abiria, kwa sababu alikuwa na sauti. Hakuwahi kuolewa. Anaishi na mdogo wake wa kike na watoto wa mdogo wake, vyumba viwili juu ya duka la kutoa fotokopi, na akirudi kazini ilikuwa lazima atie miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, huku akiimba vibaya mpaka watoto wanaziba masikio. Mwili alijaliwa. Hauonei haya hata kidogo, na nashukuru haoni haya, maana mwili ule ndio ulionipa mtoto. Subirini, msicheke bado.

Wakati huo mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa kwenye ndoa muda mrefu bila kuzaa. Dada zangu walikuwa wakija nyumbani wanamtazama mke wangu tumbo kabla ya kumsalimia. Sisi wenyewe tulishazungumza, tukalia, tukanyamaza, kisha tukakubaliana kuasili. Tukampata binti mdogo kwenye kituo cha watoto katika mji wa mbali. Tulikwenda kumwona tena na tena mpaka akatuzoea. Akiniona ananivuta sikio, halafu anakwenda kulala mapajani mwa mke wangu kama aliyekuwa akimngoja yeye tu. Kilichobaki kilikuwa hakimu.

Afisa wa ustawi wa jamii akatupigia simu. Shauri letu lilikuwa kesho yake asubuhi, na mume na mke wote wawili lazima wasimame mbele ya hakimu. Akikosekana mmoja, linaahirishwa mpaka mahakama irudi kutoka likizo, na hapo hawezi kutuahidi kitu, maana kuna familia nyingine inamtaka mtoto huyohuyo, nao wako palepale mjini. Barabara ilikuwa imekatwa na mvua. Usafiri ulikuwa ndege, ndege yenyewe ile moja ya alasiri.

Hatukuwa tumemwambia mtu. Hata mama yangu hakujua. Nilikuwa naogopa neno moja tu kutoka kwake, "Mtoto wa nani huyo?" Basi tukaaga kwamba tunakwenda kununua ngozi za viatu, na mke wangu akaficha gauni la mtoto chini kabisa ya begi.

Pale uwanjani nikaanza vizuri kwa kugombana. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kofia pana, akajipenyeza mbele yangu kwenye foleni kama haoni watu. Mimi nina hasira za karibu, najijua. Nikamwambia ajirudishe nyuma, akaniambia foleni si ya baba yangu, nikamwambia na kofia ile si ya baba yake, na mengine ambayo siyaandiki. Mke wangu aliona namtia aibu, akapita zake akahudumiwa. Tulipokuja kutulia, Bwana Kofia ameshapata kadi yake ya kupandia ndege, na mimi ndiye nimebaki wa mwisho.

Mama Mizani akachukua tiketi yangu, akabonyeza bonyeza, akavua miwani.

"Baba, viti vimeisha."

"Mimi nina tiketi."

"Tiketi unayo. Kiti ndicho huna." Akainama kidogo ili nimsikie mimi tu. "Huwa wanauza kuzidi viti, kwa sababu siku zote kuna wasiotokea. Leo wametokea wote. Si kosa lako kutokea."

Nikamgeukia mke wangu. Ameshika kadi yake kwa mikono miwili, midomo imemkauka. Kwenda peke yake hakumsaidii, kubaki hakumsaidii. Badala ya kukaa chini nikafikiri, nikaanza kufoka. Nilifoka mpaka mkubwa wa zamu akatoka ofisini, kijana mwenye tai ndefu na viatu vya bei ambavyo soli yake, nawaambia kama fundi, ilikuwa ya karatasi. Akanitabasamia, akaniwekea vocha mbele na karatasi ya kusaini. Chakula bure, chumba bure, kesho alasiri naondoka. Kalamu akanishikisha yeye mwenyewe.

Nilikuwa nimechanganyikiwa, nikainama nisaini. Mkono wa Mama Mizani ukatua juu ya ile karatasi, wote, ukaifunika.

"Soma kwanza, baba. Hapa pameandikwa umekubali mwenyewe kubaki. Umekubali?"

"Sijakubali."

"Basi mrudishie kalamu yake." Kisha akamgeukia kijana wa tai, kwa adabu kabisa. "Bosi, kabla hatujamwacha mtu asiyetaka, utaratibu si tuulize kwanza anayetaka? Tumemuuliza nani?"

Kijana akasema muda hakuna. Mama Mizani akasema muda wa kumsainisha ulikuwepo. Akanieleza palepale, mbele ya bosi wake, kwamba mtu aliyeachwa bila kupenda ana haki zake: apewe ndege inayofuata au arudishiwe nauli, apewe chakula na pa kulala, na fidia juu, na aandikiwe sababu. Akisaini hovyo, zimekwenda na maji. Akaniuliza ninakwenda kufanya nini huko. Nikamnong'oneza. Akavaa miwani yake tena.

"Sasa, baba, haki zote hizo nitakupigania," akasema, "lakini hakuna hata moja itakayokufikisha mahakamani kesho. Anayeweza kukufikisha ni mtu mmoja kati ya hawa waliokaa hapa."

Kipaza sauti kilikuwepo, lakini alikuwa hakipendi. Alisema watu wakisikia kipaza sauti wanajua ni uongo. Alichofanya, na baadaye nikaambiwa ndiyo ilikuwa desturi yake kila ndege inapojaa kupita kiasi, alitoka nyuma ya kaunta, akavua viatu, akapanda juu ya mizani ya mizigo ili aonekane na ukumbi mzima. Namba nyekundu zikapanda, zikapanda, zikasimama kwenye tisini na nane. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Chekeni, mimi nasubiri," akasema, mikono kiunoni. "Mmeona wenyewe, ndege imezidi uzito. Namtafuta mtu mmoja ambaye akifika kesho jioni hakiharibiki kitu. Atalala pazuri, atakula, kiti chake cha kesho ninamwandikia kwa mkono wangu, na malipo yake atapewa taslimu, si vocha ya kufungia vitumbua."

Kicheko kingine. Lakini mkono haukunyanyuka. Kila mtu alianza kutazama simu yake. Mama Mizani akashuka, akanijia.

"Niwaambie sababu yako?"

Nikatikisa kichwa. Jambo ambalo sijamwambia mama yangu niusikilizishe ukumbi wa wageni? Mke wangu alifungua begi tu, akatoa lile gauni dogo, akalikunjua, akalikunja tena. Nilijikaza nisilie, nikashindwa.

"Basi panda wewe," akasema Mama Mizani. "Usemi wangu watausahau. Wa kwako hawatausahau."

Nikapanda. Hamsini na sita. Walicheka kuliko walivyomcheka yeye, na kusema kweli kicheko kile kilinisaidia, maana nikiona nachekwa huwa nakasirika na nikikasirika nasema. Nikapiga moyo konde.

"Nakwenda kumchukua mwanangu," nikasema. "Kesho asubuhi, kwa hakimu. Hatukumzaa, lakini ni wetu. Nisipofika wanampa mtu mwingine."

Neno "mwanangu" lilikuwa halijawahi kutoka kinywani mwangu mbele ya mtu. Nilibaki nimesimama juu ya mizani, sijui nishuke au nisubiri. Kisha nikaona kofia pana inanyanyuka kule nyuma.

Bwana Kofia alikuja taratibu na kadi yake mkononi. Nilidhani amekuja kumalizia ugomvi wetu.

"Mimi nakwenda kwenye harusi ya shemeji yangu," akasema, "na shemeji yangu hanipendi. Nikichelewa atafurahi, na mimi nitafurahi. Foleni ilikuwa yako, bwana. Chukua."

Nikataka kumwomba radhi, nikamshika mkono tu, nikashindwa kuuachia mpaka mke wangu akaja kunibandua. Mama Mizani yeye hakuwa na muda wa machozi. Alimsimamia kijana wa tai mpaka Bwana Kofia akapata kila alichoahidiwa, taslimu, na kiti cha kesho kikaandikwa mbele ya macho yake. Hata chumba alikuwa na la kusema, akataka chenye dirisha. Ndipo akageuza jina kwenye mashine, akanipa kadi.

Tukiwa tunasubiri kuitwa, nikaona haya. Ukumbi mzima wa wageni wanajua, mama yangu hajui. Nikampigia. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, hakimu, kituo, gauni, uongo wa ngozi za viatu. Nikasikia anavuta pua.

"Anapenda kula nini?" akauliza. "Nisije nikapika asichokula."

Mke wangu akaichukua simu, wakaongea wao, mpaka tukaitwa.

Kesho yake asubuhi tulisimama wote wawili. Hakimu akauliza baba yupo, nikasema nipo, kwa sauti kubwa mno mpaka karani akatabasamu. Hayo mengine ni mihuri na saini. Ile familia nyingine, nilisikia baadaye, walipata mtoto wao pia, na nilifurahi kwa dhati, ijapokuwa siku ile nisingeweza kusema hivyo.

Tuliporudi, sikukubali tutoke uwanjani moja kwa moja. Tulizunguka mpaka ukumbi wa wanaoondoka, binti mabegani mwangu, ananivuta masikio yote mawili kama mtu anayeendesha baiskeli. Mama Mizani alikuwa kaunta ya pili, amevua viatu chini ya meza, na hapo ndipo nilipoitazama miguu yake vizuri kwa mara ya kwanza na kuapa kimoyomoyo kwamba mama huyu hatavaa tena kiatu cha dukani. Alitutazama mmoja mmoja. Akamchukua mtoto, akambusu, akamkalisha juu ya mizani.

"Kilo kumi na moja," akasema. "Zimo ndani ya kiwango."

Kisha akatoa lebo moja ya mzigo, akashika kalamu, akajifanya mkali kama anavyofanya kwa abiria wabishi.

"Mwenye mzigo niandike nani?"

Wapagazi walikuwa wanasikiliza, na foleni yote. Safari hii sikusubiri nisukumwe.

"Andika baba yake," nikasema. "Na mama yake."

Akaandika. Akaifunga ile lebo kwenye mkono wa binti yangu, polepole, akipitisha kidole ndani isije ikambana.

"Haya," akasema. "Huyu haachwi tena."