Msuko wa Papa

Harufu ya vumbi la makaa lililolowana hunirudisha kwenye baraza yetu ya Kisangani, mwaka ule papa, baba yangu, alipofariki. Mama alikuwa akisaga makaa kwa jiwe, akachanganya na mchanga wa mtoni na udongo kidogo, kisha akajaza makopo ya maziwa aliyoyatoboa chini kwa msumari. Humo aliotesha ua ambalo papa, mfanyabiashara wa mtoni, alituletea kwa mashua kutoka Basoko. Majani yake yalikuwa manene kama punje za wali, yakining'inia kama nywele zilizosukwa. Tuliliita msuko.

Matanga yalipoisha, ndugu za papa walikuja kubeba vitu, kama walivyozoea kumfanyia mjane. Kitanda kilikwenda, redio ikafuata, na viti. Mwisho tantine Feza, dada ya papa, alishusha makopo yote, ingawa mama alimwomba amwachie moja tu la kumkumbukia mumewe. Yalipokuwa yakitikiswa, majani machache yalidondoka. Mama aliniambia niyaokote. Tuliyalaza juu ya udongo mkavu bila kuyamwagilia. Usiogope kujaribu hivyo nawe: jani lina maji yake ndani, litatoa mizizi lenyewe.

Mvua zilipoanza, tantine alirudi. Alikuwa ameyapanga makopo mahali maji ya paa la bati yanapomwagikia, maana kwetu ua zuri ni ua linalonyweshwa sana.

"Mama Riziki, maua iko inalainika. Ulikuwa unaipatia nini?"

Mama hakuinua macho kwenye sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akitwanga. "Bon, tantine, iko na kiu. Ongeza maji, asubuhi na jioni."

Nilijua kwamba msuko hunyweshwa pale tu udongo unapokauka hadi chini. Nilinyamaza, na utamu wa kunyamaza kule bado ninao mdomoni. Haukupita muda, tukasikia kwamba makopo yake yamebaki na uji mweusi unaonuka.

Leo baraza ya mama, aliyekwisha kuzeeka, imejaa misuko inayogusa sakafu. Kila jirani akiomba, namkatia kipande, namwelekeza taratibu: akiache siku chache kidonda kikauke, akiweke penye mwanga lakini si penye mvua, na kikimfia arudi, nitamkatia kingine. Wala simchoki mtu.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, tantine Feza alikuja na fimbo yake. Nilimpa kiti na chai yenye maziwa. Alitazama misuko iliyoning'inia juu, kisha akaniomba kipande kimoja tu, akipande kwenye kaburi la kaka yake.

Nilimwongezea sukari kwanza.

"Kule iko tangu zamani, tantine," nikamwambia. "Mama alipanda kopo mbili, chini ya ile bati inafunika kaburi. Ungefikaka hata mara moja, ungeiona."