Ukingo wa Magharibi wa Nyota Iliyolipuka

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kidogo cha utafiti pale Kilosa, sikuonyeshwa darubini. Nilionyeshwa kiti na kompyuta. Mkuu wa Kituo, mtu wa Dumila mwenye sauti ya mnadani, alifungua picha ya duara la mwanga, limefifia katikati na kung'aa pembeni.

"Unaona nini, Shabani?"

"Duara, Mkuu."

"Duara analiona kila mtu. Tazama ukingo. Huo ndio utakaokulisha."

Vijana mnaotaka kuingia kazi hii, anzieni hapo. Nyota kubwa ikilipuka, mabaki yake husukuma gesi iliyo mbele kwa kasi kubwa kuliko sauti inavyoweza kusafiri ndani ya gesi hiyo. Gesi haipati nafasi ya kupisha. Inabanwa, inapata joto kali, inang'aa kwa miale ya eksirei. Ukingo huo mwembamba ndio wimbi la mshtuko. Sisi tuliowahi kuona Mto Mkondoa ukishuka na ukuta wa tope mbele yake hatuhitaji maelezo marefu.

Darubini zenyewe ziko angani, ni za mataifa mengine. Sisi tulipokea picha. Kazi ilikuwa kuchukua picha mbili za mabaki yaleyale, zilizopigwa kwa kupishana miaka mingi, kuzilaza moja juu ya nyingine na kupima ukingo umesogea kiasi gani. Ili zilale sawasawa unahitaji vigingi, yaani vidoa vya mwanga visivyosogea, hasa viini vya galaksi za mbali sana. Desturi ya kituo ilikuwa kuchagua vigingi kabla ya kutazama ukingo, na ukishaanza kupima huvigusi tena, tamaa isije ikakuchagulia. Tena hakuna jibu lililotoka nje mpaka mwenzako awe amepima upya bila kujua wewe umepata nini. Hiyo tuliiita kazi ya pili.

Nilikabidhiwa mabaki ya nyota moja, nikaandaa picha yake ya kwanza. Nilishuku kwamba upande wa magharibi wimbi limegonga wingu zito la gesi na kupunguza mwendo. Picha ya pili ndiyo ingesema. Nikasubiri miaka, nikimwomba Mungu subira, na alinipa.

Kisha nikahamishiwa Mikumi kuongoza ofisi mpya. Picha ya pili ikafika Kilosa nimeshaondoka, na Mkuu akampa Rehema, binti wa Vidunda aliyesomeshwa shule za misheni. Niliposikia, nilipanda basi la Kilosa siku hiyohiyo.

"Mkuu, mabaki hayo nimeyalea mimi."

"Kwani umeyatolea mahari?" Ofisi nzima ikaangua kicheko. "Picha ni ya kituo, Shabani. Wewe utafanya kazi ya pili. Nani anayajua kukuzidi?"

Rehema alikuwa ameshainuka kunipisha kiti. "Shikamoo, Mzee Shabani."

"Marahaba."

Laiti angekuwa na kiburi, ningepata pa kumshikia. Alikuwa na adabu, alikuwa hodari, na picha yangu ilikuwa mezani kwake. Madrasa nilifundishwa kutofautisha kutamani upate kama alichonacho mwenzio na kutamani mwenzio apokonywe. Nilirudi Mikumi nikijua vizuri kabisa langu lilikuwa lipi.

Nikachagua vigingi, nikapima. Upande wa magharibi haukuonyesha kupunguza mwendo hata kidogo. Nikatuma jibu. Baada ya siku chache Mkuu akapiga simu.

"Majibu yenu hayafanani. Rehema anasema wimbi limepunguza mwendo sana. Haendi kulitangaza kwenye mkutano wa kimataifa mpaka tujue. Kila mmoja aandike maelezo ya kazi yake."

Niliweka simu chini nikatabasamu. Wazo lilikuwa langu toka mwanzo, na bado niliona afadhali life kuliko lizaliwe nyumbani kwa mwingine.

Nikiandika maelezo ndipo nikaona kigingi changu kimoja hakikubaliani na vingine. Hakikuwa galaksi ya mbali. Ilikuwa nyota ya jirani, nayo nyota za jirani husogea zenyewe. Ilikuwa imeivuta picha nzima pembeni; nilipopima bila hiyo, nikapata alichopata Rehema. Hakuna aliyeniuliza habari zake. Na kwa desturi yetu vigingi haviguswi, kwa hiyo hata kanuni ilinilinda. Kunyamaza kungetosha kumzuia.

Niliswali adhuhuri, na kwenye sijda nikajikuta bado nafurahi. Furaha ile ndiyo iliyonitisha. Nikampigia Mkuu.

"Kigingi changu kimoja kinatembea. Rehema yuko sahihi."

"Una hakika?"

"Ningependa nisiwe nayo."

Rehema alikwenda. Nilimtazama kwenye kompyuta akiueleza ukingo wa magharibi karibu kwa maneno yangu. Watu walipiga makofi. Nami nikapiga, peke yangu ofisini, na wivu haukupungua hata chembe.

Sasa nimestaafu, naishi hapa Mikumi. Namshukuru Mungu kwa macho yanayoona bado na kwa kazi iliyonionyesha ukubwa wake. Vijana huniuliza kama wivu wa kazi huisha. Wangu ninaishi nao kama wakulima wa huku wanavyoishi na tembo: huwezi kumwamuru asizaliwe, unalinda shamba.

Juzi simu ikaita. Rehema ndiye Mkuu wa Kituo sasa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mkuu. Za Kilosa?"

"Njema. Picha ya tatu ya mabaki yetu imefika. Nimeshapima. Naomba wewe ufanye kazi ya pili."

"Una vijana wenye macho mazima hapo."

"Vijana wananipenda, Mzee. Watapata nilichopata mimi. Nataka mtu anayeomba nikosee, halafu aseme kweli."

Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anajua.

"Itume leo," nikamwambia. Na Mungu ni shahidi, bado natamani awe amekosea.