Aibu Ndogo Ndogo

Waliingia wakiimba. Ndiyo desturi ya chama chetu cha wamama hapa Kayole: mkifika kwa mwenzenu mnaanza wimbo mlangoni, mnaingia kwa vigelegele, halafu mnatazama. Asikudanganye mtu kwamba tunafuata chai. Mwenye zamu huwa amepewa mchango miezi kadhaa kabla, na ingawa hakuna aliyeandika sheria hiyo popote, pesa lazima zionekane: kochi jipya, friji, kabati la vyombo, kitu ambacho wenzako watakishika na kukisifu. Zamu hii ilikuwa yangu. Wote walijua nitaweka vigae sakafuni na dari ya jipsamu juu, maana nilikuwa nimewatangazia mwenyewe, kwa mdomo wangu huu usiojua kutulia. Hata fundi alikuwa ameshakuja kupima.

Walichokuta ni simenti. Ni ileile niliyoipaka rangi nyekundu mwaka tuliohamia, inayong'aa kwa kusuguliwa, na juu yake mabati matupu. Ukutani, mahali pa televisheni, palibaki alama ya mraba tu. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti, kisha mmoja wao akakohoa na kuomba maji.

Acha niseme hapa jambo ambalo siku ile sikuweza kulisema. Ndani ya chama chetu kuna mjane anayeuza chapati karibu na steji ya matatu ya Spine Road. Binti yake, wa pekee, anasomea unesi. Mapema mwaka huu, mchango wangu ukiwa bado haujaguswa, binti alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na mama yake akaja kwangu mchana mmoja, mikono bado ina unga. Hakuja kukopa. Alikuja kuniuliza kama namjua mtu anayetafuta msichana wa kazi za nyumbani, ampeleke binti. Msichana aliyebakiza muda mfupi tu avae sare ya unesi, akaoshe vyombo vya watu!

Jioni nikamweleza mume wangu. Yeye anafanya kazi kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, na maneno kwake ni kama chumvi, anatia kidogo. Aliitazama sakafu, akaniuliza, "Kwani hii sakafu imetukosea nini?"

Ndivyo pesa za vigae zilivyokwenda chuoni. Baadaye tukauza na televisheni, tukakubaliana kwamba tutamshika mkono yule msichana hadi amalize. Jipsamu tukaisahau, geti jipya tukalisahau, nyama ikawa ya Jumapili. Na nisiwadanganye kwamba tuliteseka. Nyumba ilikuwa nyepesi. Nilikuwa nikimaliza kusugua sakafu yangu nakaa mlangoni na kikombe cha chai, wala sitamani cha mtu. Jioni tulianza kuongea, sisi watu ambao kwa miaka mingi tulikuwa tukitazama taarifa ya habari kisha tunalala.

Mjane aliomba kitu kimoja tu: wamama wasijue. Nilimwelewa. Chama kiliwahi kumchangia mwenzetu mmoja kodi ya nyumba, na mpaka leo akisuka nywele kuna atakayeuliza kwa sauti zimesukwa na pesa za nani. Wamama wetu wakikusaidia wamekununua. Nikamwahidi kwamba kwangu halitatoka.

Kwa hiyo wageni wangu walipokuwa wakiikodolea macho ile simenti, nilisema tu, "Tumeamua kukaa hivi."

Mwenyekiti wetu akaniwekea mkono begani. Alinitazama kwa huruma, ile huruma ambayo anayeitoa anaisikia tamu mdomoni. "Pole, mama. Usimfunike. Hata sisi tuko na mabwana." Kisha akashusha sauti. "Na TV aliuza lini?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Mtaani kwetu, mwanamume asiyekunywa pombe, mshahara hauonekani, na televisheni imetoka ukutani, hakuna haja ya kuuliza zaidi. Ni kamari ya simu. Imebomoa nyumba nyingi hapa, hilo sikatai. Lakini mume wangu! Mtu ambaye hata karata hajui zinashikwaje! Nilifungua mdomo, nikamwona mjane ameketi pembeni, kikombe kimemganda mkononi, nikaufunga.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walirudi. Safari hii walikuwa na mkokoteni, na kwenye mkokoteni kulikuwa na maboksi ya vigae. Walikuwa wamechanga. Hata mjane alikuwa amechanga, na mimi nilijua vizuri kila chapati aliyoiuza kupata mchango ule.

"Tumekuja kuwatoa aibu ndogo ndogo," mwenyekiti akasema, mikono kiunoni, amefurahi kweli.

Aibu ndogo ndogo. Hapa kwetu neno hilo ni la soksi iliyotoboka, la mgeni aliyefika nyumba haina sukari, la simu kukosa salio. Sasa likawa la sakafu yangu. Sakafu niliyoipigia magoti kila Jumamosi, iliyofundisha watoto wangu kutambaa, na ambayo mwaka huu ilikuwa imemrudisha binti wa mtu darasani. Nilitaka kuyabeba yale maboksi moja moja na kuyarusha barabarani.

Kumbe vigae vilikuwa salamu tu. Walimwomba mume wangu apige magoti. Naye, kwa ile adabu yake ya kuniudhi, akapiga. Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani na mabegani, na mwenyekiti akaanza kulikemea pepo la kamari litoke, lirudi lilikotoka, liiache familia hii. Watoto wa jirani walijaa mlangoni. Nilisimama kando ya jiko nimeshika mwiko, namtazama mjane. Mkono wake ulikuwa kwenye bega la mume wangu. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Wamama," akasema ghafla. "Wamama, ngojeni kwanza. Kuna kitu lazima niseme—"

"Nimeacha!" Ilikuwa sauti ya mume wangu. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Nimeacha kamari, wamama. Leo nimeacha. Asanteni sana."

Vigelegele vililipuka mpaka mbwa wa majirani wakaanza kubweka. Walimkumbatia, wakanikumbatia na mimi, wakaimba hadi barabarani. Mjane alitoka wa mwisho, hakuweza kututazama.

Niligeuka nikammwagia mume wangu yote. Nilimwita mjinga. Nilimwambia amejipaka matope mbele ya mtaa mzima na yatakauka hapo hapo usoni.

"Yule mama angesema, wangemmaliza," akanijibu.

"Na wewe wamekuacha mzima?"

Alianza kupanga maboksi kando ya ukuta, taratibu, kama mtu anayepanga mizigo ya kazini. Bado yako pale. Nimeyatandikia kitambaa na tunayawekea chai. Kila mwenyekiti akiniuliza fundi anakuja lini, namwambia fundi amesafiri, na nasema kwa ukali ili asiulize tena.

Nilidhani mambo yangeishia kwetu Kayole. Lakini kanisani kuna watu wa kwao mume wangu, na habari njema haikawii njiani. Juzi mama yake alimpigia simu kutoka kijijini, magharibi huko. Sauti ile ya mzee haihitaji spika, nilisikia kila neno. Alikuwa akilia na kumshukuru Mungu kwa pamoja. Akamuuliza, "Na umeacha kweli, mwanangu?"

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anaangalia sakafu nyekundu katikati ya miguu yake. "Nimeacha, mama," akasema. "Nisamehe."

Nilimpokonya simu. Nilikuwa nimechoka. Nilitaka angalau mtu mmoja duniani ajue huyu mwanamume ni nani, na mtu huyo awe mama yake. Niliita tu, "Mama," na kabla sijaendelea akasema, "Ni wewe, mwanangu? Asante kwa kumvumilia. Mwanamke mwingine angemwacha."

Mume wangu aliinua macho akanitazama. Msichana bado hajamaliza chuo, na siri ikifika kijijini hurudi Kayole.

"Si kitu, mama," nikasema.