Siku Tuliyopiga Kambi Mlangoni kwa Bi Khola

Fungua mlango wa gari lililoshinda juani, joto likupige usoni pamoja na harufu ya viti vya plastiki na hiliki iliyomwagika zamani, halafu uniulize kwa nini mtu mzima kama mimi nasimama kwenye maegesho nikicheka peke yangu. Si wazimu, jamani. Namkumbuka babu yangu na basi lake.

Nilikuwa na miaka tisa. Babu Nassor alikuwa amestaafu kazi ya serikali pale kwetu Nizwa, Uarabuni, na kila mtu alitaraji atatulia, apande ndimu zake, aende msikitini na kurudi. Wapi! Alinunua basi dogo kuukuu, akang'oa viti vya nyuma, akatia godoro na jiko la gesi, akamshonesha Bibi Thuraya mapazia ya maua. Bibi alishona huku ananung'unika. "Mtu ana nyumba ya vyumba sita, anataka kulala garini!" Lakini siku ya kuondoka yeye ndiye aliyepanda wa kwanza. Skuli zilikuwa zimefungwa, mama yangu amechoka na maswali yangu, basi na mimi nikapakiwa pamoja na ndoo na mikeka.

Ilisemekana tunakwenda kutembelea jamaa na marafiki. Nia yenyewe Bibi hakuificha: alikuwa akienda Sur, kule pwani, mtaa wa Aija, kwa dada yake Bi Khola. Bi Khola alifiwa na mumewe, na Bibi hakuhudhuria msiba. Kwa nini hakwenda, hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuuliza. Tangu hapo Bi Khola hakupokea simu yake. Mara mbili wajomba walimpeleka Bibi mpaka mlangoni, na mara zote mbili wakaambiwa mwenyewe amelala.

"Saa nne ya asubuhi amelala!" Bibi alisema, machozi yakimlengalenga. "Na nikifa hajaniwia radhi, je?"

Kwa hiyo safari nzima hakutulia. Izki, kwa binamu yake, alikunywa finjani moja ya kahawa, akaitikisa kuonyesha ametosheka kabla hata mwenyeji hajakaa kitako. Al Qabil tuliletewa kikapu cha tende akakipokea dirishani, gari linanguruma. Nyuma, mimi nilihesabu ngamia, nikachoka, nikahesabu matuta ya barabarani, nikachoka, nikauliza tumefika? Bibi alikuwa anauliza swali hilo hilo.

Lakini nimeruka Ibra, na Ibra ndiko kulikokuwa na balaa. Tulikwenda kwa rafiki wa Babu wa tangu ujana wao Unguja. Tulikula kwake, tukaagana, na Babu, eti hataki kumsumbua mtu, akatulaza garini mbele ya geti la mwenyeji wetu. Asubuhi yule mzee alipotoka kutuona, lo! Mtaa mzima ulimsikia.

"Nassor, umenivua nguo! Watu wataniuliza nyumba yangu ina nini hata mgeni wangu akalala njiani!"

"Kwani ni aibu sana?" Babu akauliza, kwa upole kabisa.

"Aibu kubwa! Afadhali ungenipiga!"

Babu akaomba samahani, akatia tende mdomoni, akatafuna taratibu. Hakuonekana na majuto hata kidogo. Niliona vibaya kwa niaba yake.

Tulivuka daraja la Aija siku ya pili asubuhi. Bibi alijifunga buibui vizuri, akapiga hodi kwenye mlango mkubwa wa mbao. "Hodi! Shikamoo, dada!" Juu, pazia la dirisha likasogea kidogo. Marahaba haikuja. Akaja mtumishi, akasema mama amelala.

Bibi alirudi garini. "Washa gari, Nassor. Turudi kwetu."

Babu akatia ufunguo mfukoni. Akatandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, hatua mbili kutoka mlangoni, akateremsha jiko, akainjika chai. Kisha akaanika taulo lake kwenye kioo cha gari.

"Nassor, unatuaibisha!"

"Sisi?" Babu akasema, akamimina maziwa.

Haikupita muda akatokea jirani na sinia la halua. Ninyi wageni wa nani? Babu, ambaye nyumbani huongea kwa kunong'ona, akapaza sauti kama mwadhini. "Wa Bi Khola! Mimi shemeji yake! Amepumzika, hatutaki kumsumbua. Tutamngoja hapa hapa, hata wiki!" Akaja jirani wa pili na samaki wa kukaanga. Baada ya adhuhuri wanaume walitoka msikitini, na kila mmoja alisimama kutukaribisha kwake, tafadhalini, nyumba yenu. Babu alimshukuru kila mmoja kwa sauti kubwa zaidi ya aliyetangulia. Bibi alijifunika uso. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini halua ilikuwa tamu.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Bi Khola alikuwa mrefu, kanga kichwani, bakora mkononi.

"Ondoa jiko lako mlangoni kwangu, Nassor! Unataka watu wa Aija waseme nini?"

"Waseme una wageni."

Bibi akasimama. "Shikamoo, dada."

Bi Khola hakumtazama. Alinitazama mimi, nikaficha vidole vyenye halua nyuma ya gauni. "Ndiye huyu?"

"Ndiye," Bibi akajibu.

Alinikodolea macho mpaka nikataka kulia. "Marahaba," akasema mwishowe. "Haya, ingieni. Jua linamchoma mtoto."

Walilia jikoni, wameshikana, Bibi akimpa pole ya mumewe kana kwamba amekufa jana. Kisha Bi Khola akaniketisha karibu yake, akanilisha wali na samaki kwa mkono wake mwenyewe.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kumcheka Babu. Nilikuja kuelewa kwamba lile basi alilinunua kwa siku ile moja, na Ibra alikuwa anajaribu tu kama aibu hiyo itafanya kazi. Nilidhani nimeelewa yote. Mpaka nilipojifungua mimi mwenyewe, kwa shida, na mama yangu akakaa hospitali siku tatu bila kwenda hata kubadilisha nguo. Nikamwuliza, hivi Bibi alikosa msiba kwa sababu gani? Akashangaa kuwa sijui. Siku aliyofariki mume wa Bi Khola, mama alikuwa ananizaa mimi, damu haikatiki, na Bibi alikataa kuondoka kando ya kitanda cha mama. Bi Khola aliambiwa siku ile ile. Lakini alikuwa na maiti ndani, na dada yake hayupo, na sababu yenyewe ni mtoto asiyemjua.

Bibi alipata kumpa pole jikoni. Mimi nilikuwa na mdomo umejaa samaki, na nilipokuja kujua kwamba na mimi nilikuwa na pole ya kumpa, Bi Khola alikuwa ameshazikwa.