Mbuzi Niliyemtilia Saini

Binti yangu wa tatu alikuwa anabeba mchanga wa madini ya koltani kule Rubaya, kutoka mashimoni mpaka mtoni wanakouosha. Wengine wanaona haya mtoto wao akifanya kazi ile. Mimi nilijisifu naye sokoni Kibabi: mwanaume gani alimpita kwa mgongo? Gunia limejaa, mteremko wa matope, na yeye anaimba. Leo natamani ningefunga mdomo.

Kilima kiliteleza asubuhi, baada ya mvua ya siku nyingi. Hakikumfukia. Kilimpiga kiunoni na kumtupa juu ya mawe. Wenzake wanne walimleta kwa kipoyi, machela ya miti, mabegani, na kwa jinsi walivyonyamaza nikajua amekufa. Hakufa. Kwenye lopitali munganga alimchoma nyayo kwa sindano, na yeye akauliza wataanza lini: kutoka kiunoni kushuka hasikii kitu.

Kisha mwenye shimo akaja kwangu. Kule wanamwita PDG, mkurugenzi mkuu, kama vile ana kampuni mjini, na yeye ana shimo na buti za plastiki. Alikuja na wazee wawili, mbuzi dume, na jerikeni mbili za kasiksi, pombe ya ndizi. Kwetu mtu akikuletea mbuzi wa pole, haumrudishi. Ukimrudisha, umesema mbele ya watu kwamba yeye njo aliua, na ugomvi huo wajukuu wataurithi. Mbuzi ni mlango. Mkishakula pamoja, ndipo mnakaa chini na kusemezana mgonjwa atatunzwa namna gani. Hivyo ndivyo nilivyokuta watu wakifanya tangu nizaliwe.

Nilimpokea vizuri kupita kiasi. Sikutaka aone nyumba ya maskini. Niliazima viti, nikafunga kitambaa kipya, nikachinja mbuzi siku ileile na kulisha majirani wote.

Baada ya nyama alitoa karatasi mbili na tampo ya wino.

"Mama, tia kidole hapa. Ni ya kuonyesha tu kama mbuzi ilifika."

"Kidole? Unaniona mimi muntu wa kutia kidole? Leta biki!"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akamwambia, "Acha mama. Huyu alisoma wewe hata haujazaliwa."

Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya msingi, basi. Kifaransa cha karatasi ile kilikuwa machoni pangu nyayo za kuku. Lakini jina langu ninajua kuliandika, lote, herufi zimeshikana, na mkia nyuma ambao mwalimu wangu aliupenda. Nililiandika polepole, mara mbili. Mtu nyuma yangu akasema, "Eeh!" Nikapendezwa. Karatasi yangu nikaiweka ndani ya Biblia.

PDG hakurudi. Nilipotuma watu kwake, aliwajibu kwamba mambo yale tulishayamaliza.

Mama muuza duka, mtu wa Butembo, ndiye aliyenieleza kwamba sheria iko: ukiumia kazini, aliyekufanyisha kazi analipa matibabu, na ukibaki kilema unaendelea kusaidiwa. "Si huruma, mama. Ni haki yake," alisema. Nikapanda pikipiki mpaka Sake, kwa inspekta wa kazi.

Alikuwa kijana wa heshima. Alinisikiliza mpaka mwisho, hata akakasirika.

"Hata bila kontra ya maandishi, mama, haki iko. Kama PDG njo alikuwa anamutuma na kumulipa, huyo ni mufanyakazi wake. Muko na karatasi yoyote?"

Nilimpa ile ya kwenye Biblia kwa mikono miwili. Alisoma, kisha akaweka biki yake chini.

"Unajua inasema nini?"

"Inasema mbuzi ilifika."

"Inasema familia ilipokea kila kitu na haitadai tena. Inasema binti alikuwa anajibebea mizigo yake mwenyewe, hakuna aliyemutuma."

"Sikusoma hiyo. Kifaransa sijui."

"Na hii saini?"

"Ni yangu."

"Ungeweka kidole, mama, ningesema mbele ya juji kama haujui kusoma. Lakini saini kama hii?" Akaigeuza kuelekea dirishani. "Mimi mwenyewe sina ya hivi."

Sijui kama alinicheka. Alisema njia moja imebaki: walioona waje kushuhudia kwamba alikuwa akitumwa na PDG. Nilirudi, nikawaendea wale wanne wa kipoyi. Wote wanne bado wanafanya kazi kwenye shimo lile. Watatu walijificha. Wa nne alisimama, akatazama viatu vyake.

"Mama, na miye niko na batoto."

Ningemtukana nini? Alimbeba binti yangu kwa bega lake.

Nilimwambia binti yangu yote, sikuficha hata saini. Alisikiliza, akafumba macho. Hajaniuliza tena habari ya Sake.

Sasa kazi yangu ni kumgeuza, kushoto, kulia, ili vidonda visimle. Ana mwili wa mtu wa kubeba magunia, na mimi mikono imekwisha. Juzi nilimfikisha nusu, nikashindwa. Akabaki uso ukutani, nami nimeketi chini nikihema, mpaka jirani aliporudi kutoka shambani.

"Mama," alisema akiwa bado ukutani, "usikufe mbele yangu. Acha miye nitangulie."