Nne Nukta Moja

Kila alipoingia kwenye zahanati, kabla hajamsalimia mtu, Mwalimu Naftaly aliugusa mlango wa friji ya chanjo kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Ndani ya friji hiyo alikuwa amefunga kipimajoto cha waya kwa mikono yake mwenyewe, na waya ulipanda hadi kwenye kompyuta ndogo juu ya kabati. Bado aligusa.

Alikuwa amefundisha fizikia miaka ishirini na miwili, akastaafu, akarudi kwao Ishiara. Jua la huko ni kali, na chanjo isipokaa kati ya nyuzi mbili na nane huharibika kimyakimya. Ukiitazama huwezi kujua. Unamdunga mtoto maji tu. Hilo lilimkosesha raha. Akaandika programu fupi ya kusoma kipimajoto na kutuma meseji kila saa kwenye simu ya muuguzi, Sista Kagure.

Mwanzoni programu ilifanya kazi ndani ya dirisha jeusi kwenye kioo cha kompyuta. Dirisha likifungwa, nayo inakufa. Jumanne moja akaipanga upya ili ifanye kazi chinichini, bila dirisha na bila mtu.

"Sasa itajiendesha," alisema. "Hata nikienda Embu. Hata kompyuta ikizimika, ikiwaka tu nayo inaamka."

"Na nitaionaje?"

"Huioni, Sista. Kwani moyo wako unauona?"

"Wangu nausikia ukipiga."

"Mama huyu!" Alicheka hadi akakohoa. "Tupa hizo karatasi zako, umeshapata mashine."

Kagure hakucheka. Katika kituo alikofanya kazi zamani alimjua karani mmoja aliyejaza chati ya joto ya mwezi mzima kwa kikao kimoja, kwa kalamu moja, akiwa anakula ndizi. Tangu hapo namba zilizonyooka sana zilimtia wasiwasi.

Na hizi zilinyooka. Saa mbili asubuhi, 4.1. Saa tano, 4.1. Siku ya kliniki, mlango wa friji ulipofunguliwa labda mara ishirini, 4.1. Mwalimu siku hizi alipita mara moja tu kwa siku, akagusa friji yake, akanywa chai ya Kagure, akapiga soga, akaondoka. Kagure alimtazama mgongoni akienda. Mzee ameandika namba ya kuturidhisha, aliwaza, apate kupumzika. Hakumwambia. Asubuhi na jioni alifungua friji, akasoma kile kipimajoto cha zamani chenye mstari mwekundu, akaandika kwa penseli kwenye karatasi iliyokaa mfukoni mwa aproni.

Siku ya tisa ilikuwa Jumatano. Kesho yake akina mama wangeleta watoto. Saa nane kasoro dakika kumi mchana Kagure alikichomoa kipimajoto cha waya na kukilaza dirishani juani. Saa nane kamili simu ikalia. 4.1.

Akampigia. "Mwalimu, njoo. Na uje na ukweli."

Alikuja. Alikishika kile kipimajoto kilichokuwa moto, akaitazama simu. Aliketi kwenye benchi la akina mama, kibodi mapajani, akaiambia kompyuta iorodheshe kila kilichokuwa kikiendelea ndani yake. Ndipo akaiona programu ya majaribio. Aliianzisha Jumanne ile kwa namba moja ya kubuni, aone tu kama meseji zinafika, kisha akaisahau humo chinichini. Programu ya kweli kila ilipojaribu kuanza ilikuta nafasi imekaliwa, ikajizima.

"Huyu nilidhani nilimuua," alisema.

Akaizima, akaianzisha ile ya kweli. Meseji ikaingia papo hapo: 37.2. Lilikuwa joto la dirishani.

"Siku tisa, Sista. Hatujui humo ndani kulikuwaje. Mwaga zote. Waambie akina mama wasije."

Kagure alikawia. Aliona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea, kabla ya kuitoa ile karatasi na kumpa. Mistari kumi na saba. Tatu, nne, tano, mara moja sita. Mwalimu alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Hata Jumapili?"

"Nilipitia baada ya kanisa."

Chanjo zilikuwa salama. Mwalimu alikirudisha kipimajoto ndani, akachomoa waya wa umeme wa kompyuta, akauchomeka tena, akangoja. Programu iliamka yenyewe. 5.6. Baada ya saa moja, 4.8.

Kesho yake alikwenda Timau kwa binti yake, na baridi ya huko ikamshika kifua. Hakurudi. Jioni ile ya Jumatano ndipo Kagure alipomwona mara ya mwisho, amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kwa hiyo siku zote hizo, Sista, uliniona mwongo, na bado ulinimiminia chai na kuniuliza kama sukari imetosha?"