Mama Nevi na Nyumba ya Jirani

Mtaani Pioneer, Eldoret, walimwita Mama Nevi, yaani mama wa jeshi la majini, na jina lenyewe lilianza kama dhihaka. Bahari iko mbali mno na mashamba ya mahindi ya Moiben alikozaliwa Rael Jebet, na watu walipenda kumuuliza ni mwanamaji gani asiyejua hata kuogelea. Naye alikiri bila haya. Miaka yote aliyofanya kazi katika kambi ya wanamaji kule Mombasa, alipanda meli mara moja tu, tena ikiwa imefungwa gatini, na bado akatapika. Kila alipoisimulia habari hiyo alicheka kuwashinda waliomcheka.

Kazi yake ilikuwa ya nchi kavu. Watu hudhani kamandi ya wanamaji ni mizinga na mawimbi basi; hawajui kwamba mkubwa wake huamka akiulizia maji ya bomba. Kamandi ile ilisimamia gati, karakana, bohari ya mafuta, zahanati, jiko la askari na safu kwa safu za nyumba za familia, pamoja na vituo vidogo vilivyotawanyika pwani yote. Asubuhi wakuu wa idara walisimama mmoja mmoja wakasema kilicho kizima na kilichoharibika, bila kuficha, maana aliyeficha bomba bovu angeumbuka siku meli inaporudi na mabaharia wenye kiu. Rael, ingawa alikuwa raia asiye na sare, alikuwa msimamizi wa nyumba. Baharia akienda safari ndefu, na mkewe akaenda kwao, nyumba yao haikuachwa ife. Watu wa Rael waliingia wakafungua madirisha, wakafungulia maji yaliyolala kwenye mabomba, wakaanika magodoro na kuwasha jiko. Nyumba isiyopikiwa, alikuwa akisema, huoza haraka kama nyanya.

Alipostaafu alijenga Pioneer, ua kwa ua na Nasambu, mjane kutoka Bungoma aliyeshona sare za shule za mjini. Mtaa mzima ulimwita Mama Felix, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Nasambu alikuwa na ulimi usiopitwa na kasoro: chai haijaiva, ua umeinama, mhubiri amerefusha mahubiri. Rael alimpenda kwa hilo hilo.

Kisha ukaja uchaguzi wa 2007. Matokeo yalipotangazwa, mji ukawaka moto, na majirani wa makabila mengine, waliokuwa wameishi pale miaka nenda miaka rudi, wakaambiwa warudi kwao. Nasambu alitoka mbio na watoto na furushi moja, akamrushia Rael funguo juu ya ua, hata kwaheri hakusema. Rael alizishika funguo zile akalia kwa uchungu na kwa aibu, kwa kuwa waliokuwa wakifukuza watu walikuwa vijana wa kabila lake. Kisha akapangusa uso. Kazi ya nyumba iliyoachwa aliijua.

Kesho yake aliingia kwa Nasambu, akafungua madirisha na kuwasha jiko la kuni. Hapo akakosea, na kosa lilikuwa la mtu wa kambini. Mombasa, moshi ulisema nyumba ina mwangalizi. Pioneer ya Januari ile, moshi kwenye nyumba ya mtu aliyekimbia ulisema mwenyewe amerudi kisirisiri. Kabla maji hayajachemka, kundi la vijana wenye marungu lilikuwa mlangoni.

"Nani amerudi humu?" aliuliza wa mbele.

Rael alitoka na mwiko mkononi. "Ni mimi niko ndani. Kwani mnataka chai?"

"Mama Nevi, toka. Hii nyumba tumepatia Kigen. Anaoa mwezi wa nne."

Kigen alikuwa mdogo wake wa mwisho, fundi seremala, mtoto aliyembeba mgongoni kule Moiben. Alikuwa amejificha nyuma ya wenzake, rungu mkononi.

"Kigen, ni wewe umeiomba?"

"Dada, si iko tu empty? Mwenyewe ameenda."

"Ameenda safari. Baharia akienda safari, nyumba yake haipewi mtu. Inangojwa."

Vijana waliangua kicheko. "Hapa Eldoret hakuna bahari, Mama!"

"Ndio maana hamjui kungoja mtu."

Akavuta kigoda akakaa katikati ya mlango. "Mwenye anataka kuingia anivute hapa nitoke. Lakini aanze Kigen, juu ni yeye atalala humu."

Kila mtu alimgeukia Kigen. Alimtazama dada yake, akatazama viatu vyake mwenyewe, kisha akalitupa rungu kwenye majani na kuondoka. Wenzake walibaki wakisukumana. Nyumba ya kumpa mtu aliyeikataa haikuwa na ladha tena, wakatawanyika wakinung'unika.

Rael alishinda siku ile, lakini alimpoteza ndugu yake. Miezi ikapita Kigen akimpita njiani kama nguzo ya stima, na jambo hilo lilimuuma sana. Hata hivyo hakuacha kazi. Kila asubuhi, akishamaliza kufungua madirisha, alimpigia Nasambu simu huko Bungoma na kutoa ripoti yake.

"Maji, sawa. Paa, sawa. Stima imepotea. Dirisha la sebuleni limepigwa mawe, nimeziba na mbao." Ripoti ya kwanza ilikuwa na jambo jingine, na angeweza kulimeza. Hakulimeza. "Na vijana walikuja kuchukua nyumba, Mama Felix. Ndugu yangu Kigen alikuwa mmoja wao."

"Asante kwa kuniambia," Nasambu alisema, akakata.

Viongozi walipopatana na wengine waliokimbia wakaanza kurudi, Rael alimuuliza Nasambu atakuja lini. "Nitaona," alijibiwa, wiki baada ya wiki. Mvua za Mei zilipokolea, Nasambu akapiga mwenyewe. Anakuja na pikapu kubeba cherehani na vitanda. Bungoma amepata chumba. Nyumba ataiuza. Rael akaenda kutandika vitanda vya watoto.

Nasambu alikuja amekonda, dereva akamngoja langoni. Rael alisisitiza makabidhiano kama ya kambini: watembee chumba kwa chumba, na anayepokea ataje kila kasoro. Akafungua bomba la bafuni, maji yakatoka.

"Sawa," Nasambu alisema.

Chumba cha watoto, vitanda vimetandikwa. "Sawa." Chumba chake, godoro limeanikwa na kukauka. "Sawa."

Kambini aliwajua wake wa mabaharia: anayesema kila kitu ni sawa, huyo amekwishafunga mizigo moyoni.

Walifika jikoni. Nasambu akasukuma mlango wa nyuma, nao uliokuwa umevimba kwa mvua ukagoma. Akasukuma tena. Akaupiga bega.

"Huu mlango umefanywa nini? Na nani aliweka sufuria zangu huku chini? Ai, Mama Nevi! Na ile mbao ya dirisha la sebuleni imepigwa vibaya, nitaonaje barabara nikishona?"

Rael nusura apige vigelegele. Alitoka mbio kwa miguu yake ya uzee hadi kwa Kigen, akamkuta kwenye benchi lake la kazi.

"Mama Felix amerudi. Mlango wake umekaza."

Kigen alipangusa vumbi la mbao mikononi. Kisha akachukua randa akamfuata dada yake. Jikoni alisimama mbele ya Nasambu, macho chini. "Mama, ile siku na mimi nilikuwa hapa."

"Najua. Niliambiwa kitambo." Nasambu alimtazama, kisha akamwonyesha mlango. "Usikwangue sana chini, panya wataingia."

Kigen akainama akaanza kupiga randa. Nje, dereva alipiga honi mara ya pili. Nasambu alichungulia dirishani.

"Wee dereva, enda tu!" alipaza sauti. "Hakuna mzigo hapa."